Jivu Chini ya Jani la Mleleshwa

Kaeni. Anayetafuna ameze kwanza.

Zamani mleleshwa, kichaka hiki cha nyikani, ulikuwa na jani la kijani juu na chini, na harufu haukuwa nayo. Mbuzi waliupita, watu waliupita. Hata jina hawakuupa. Waliuita majani tu, kama wapumbavu fulani wanavyouita mpaka leo.

Wakati huo alikuwako mwanamke akiitwa Nasieku. Mumewe alikufa akamwachia mtoto mchanga na ng'ombe mmoja mwekundu. Kiangazi kilikuwa kimemkausha matiti, kwa hiyo mtoto aliishi kwa maziwa ya ng'ombe yule. Boma zima lilijua. Shemeji yake Parsaloi, mkubwa wa boma, alijua pia, na ndiyo maana namkasirikia hadi leo ingawa mifupa yake ilishakuwa vumbi.

Jioni moja, boma likijiandaa kuhama, Parsaloi alimkuta Nasieku akisafisha vibuyu. Mnaijua kazi hiyo: unachoma kijiti, unasugua ndani ya kibuyu kikiwa bado na moto, kisha unakung'uta jivu. Jivu lilikuwa limejaa kwenye ngozi ya ng'ombe aliyoitandika mbele yake.

"Ng'ombe wa marehemu anakwenda na mimi," Parsaloi akasema. "Wewe utarudi kwenu."

"Na mtoto wa ndugu yako anyonye nini, shemeji? Mkia?"

"Mwanamke, usinijibu."

"Basi usinisemeshe, uondoke."

Wanaume waliokuwa pale wakacheka. Waliishia kucheka tu, hakuna aliyemtetea. Wanaume wa namna hiyo bado wapo, msidhani waliisha.

Alfajiri Nasieku akambeba mtoto mgongoni, akachukua jivu lake, akamswaga ng'ombe hadi kwenye vichaka vya mleleshwa vya mteremkoni. Alijua Parsaloi atakuja na mbwa, na mbwa akivuta jivu puani hupiga chafya na kupoteza njia. Majani yalikuwa yamelowa umande. Akamlaza ng'ombe, naye akachuchumaa, maana angesimama kichwa kingeonekana, akaanza kuyapaka jivu kutoka chini, jani kwa jani, kwa mikono inayonuka moshi, samli na jasho la hasira. Jivu likaganda, na harufu ikaingia humo humo.

Parsaloi akaja, akasimama kilimani. Kutoka juu aliona kijani kitupu. Mbwa wakaingia, wakapiga chafya, wakarudi wamekunja mikia.

"Choma," akawaambia vijana wake. "Kama yumo, atatoka."

Mtoto wa ndugu yake wa tumbo moja alikuwa mle ndani! Wakachoma. Lakini majani mabichi hayawaki haraka, yalitoa moshi mzito mweupe, na ndani ya moshi huo Nasieku akapita na ng'ombe na mtoto hadi upande wa pili, kwa watu waliompa mahali pa kukaa. Mtoto aliishi.

Mvua iliponyesha, visiki vyote vilichipua, na kila jani jipya lilikuwa na jivu chini yake. Upepo ukipita majani yaligeuka, mteremko mzima ukang'aa mweupe, na kila mpita njia akauliza kilichotokea pale. Wakaelezwa. Parsaloi kwa aibu akaleta shoka, akafyeka. Vikachipua. Akafyeka tena. Alikufa shoka likiwa mkononi.

Na tangu siku hiyo mleleshwa haudanganyi mtu. Chuma jani, ligeuze: kama chini ni jeupe na ukilifikicha harufu inapanda puani, ndio wenyewe. Ukitaka kuupanda, chukua mbegu zake zenye pamba, zinyunyize juu ya udongo, usizifukie. Mti huu haupendi kufichwa tena. Ukihitaji kuni, kata tawi, litarudi.

Lakini ninyi mnaokwea mteremkoni na sururu kung'oa visiki mkachome makaa, moto wa Parsaloi haukufika kwenye mizizi. Ninyi mmefika. Mkipita mlangoni kwangu, msiniamkie.