Kasorobo Watatu

Sogeeni hapa, na mwenye usingizi akalale kabisa, maana kisa hiki nikikifikisha mwisho mzigo wake nawaachia nyinyi. Mimi nimeshaubeba vya kutosha.

Katika mji wa Itumbula, huko juu kwenye baridi na ukungu, walikuwepo watu watatu waliojua kurusha ndege. Kapteni Ezekia Sichalwe alikuwa na saa. Saa za rubani ni zile alizokaa angani, zinaandikwa kitabuni moja moja, na za Kapteni zilishapita elfu kumi na nne. Ila alikuwa na miaka sitini na sita, na sheria humshusha rubani wa abiria akifika sitini na tano. Tena macho yake yalikwishaingiwa na mtoto wa jicho.

Tegemea Mwampashi alikuwa na saa, macho, umri na kazi. Yeye ndiye aliyekuwa rubani pekee wa Kampuni ya Uwanda pale mjini, na walimrusha huku na huku mpaka saa anazoruhusiwa kwa mwezi zikawa zinamwishia mwezi ukiwa katikati. Wa tatu, Oliva Simbeye, alikuwa na leseni mpya, mikono mitulivu, na saa mia mbili tu. Kampuni ilitaka mia tano.

Siku ya usaili meneja, Bwana Mwashiuya, alimuuliza, "Una saa ngapi?" Oliva kwa woga akatazama mkononi, akajibu, "Saa tano kasorobo." Ofisi nzima ilicheka hadi machozi. Wakamnyima urubani, wakampa mzani wa kupimia mizigo ya abiria, na jina la Kasorobo likamganda. Baba yake alikuwa ameuza shamba lote la kahawa ili binti asomee urubani. Kila akirudi nyumbani mzee humuuliza ameruka wapi leo, naye hutaja mji wowote unaomjia mdomoni.

Sasa sikieni maajabu. Juu ya mzani ule palibandikwa tangazo: SAFARI ZIMEAHIRISHWA KWA UHABA WA MARUBANI. Abiria wakilisoma wanasonya, kisha wanamwomba rubani awarudishie mabegi yao. Nje, kwenye benchi, rubani mwingine anaota jua. Nyumba ya pili kutoka uwanjani, rubani wa tatu kalala, hana ruhusa ya kuruka mpaka mwezi uandame.

Masika ya mwaka huo daraja la njia ya kwenda Mbeya lilisombwa na mto. Jioni moja mama mmoja alikuja uwanjani mbio, akauliza ndege ya Mbeya, mtoto wake kaumwa na nyoka. Oliva alikuwa anafunga ofisi. Alimwonyesha tangazo kwa kidole, akamwambia, "Hakuna rubani, mama. Jaribu barabara." Alilisema kama alivyolisema mara mia, hata lile daraja halikumjia akilini, akaenda zake.

Asubuhi mama yule akarudi, na muuguzi wa zahanati kambeba mtoto mgongoni. Mtoto aliitwa Anyisile, miaka sita. Nyoka alikuwa kifutu, na mguu ulivimba ukaanza kuwa mweusi. Barabara haikupitika, dawa iko Mbeya. Oliva alitazama tangazo, akatazama mguu, akaona aibu. Akamwendea Tegemea na kumwamsha, kisha akamwita Kapteni kutoka benchini.

Tegemea alitoa jina. Bila sahihi ya rubani aliye kazini ndege haitoki, na saa zake za mwezi zilikuwa zimekwisha juzi. Alijua fika kwamba akisaini anachezea leseni yake na chakula cha wanawe wanne. Akasaini hati ya ruhusa, akaipaisha ndege mwenyewe. Walipoingia mawinguni uchovu ukamlemea, kwani siku mbili za usingizi hazikutosha kulipa nusu mwezi wa kuruka bila kupumzika. Hapo akasema neno ambalo wengine hufa kabla ya kulisema: "Oliva, shika wewe. Mimi naona viwili viwili."

Oliva alitoa mikono. Mbele kulikuwa kweupe, chini kweupe, na ndege ikirushwarushwa kama kapu la nyanya juu ya baiskeli. Hakuwahi kupita milima ile akiwa yeye ndiye anayeendesha, lakini mikono haikutetemeka.

Na Kapteni alitoa kumbukumbu. Alikaa kiti cha nyuma kando ya mama, kichwa cha mtoto mapajani, amefumba yale macho yasiyomfaa kitu. Akahesabu dakika kwa sauti tangu walipoacha nyuma paa la kanisa la mji. Nne, geuka kulia. Mbili, panda. Kushoto kwako kuna mlima, binti yangu, usiutafute, upo. Mawingu yalipofunguka, Mbeya ilikuwa chini yao, imelowa, na Oliva akatua.

Mtoto alipona. Mguu haukupona, waliukata chini ya goti. Daktari alisema angefikishwa jana yake wangeuokoa.

Habari zikaenea, na makao makuu ya kampuni yakaleta barua. Rubani aliyemwokoa mtoto apewe ajira ya kudumu. Akiwa na saa chache atasomeshwa, akiwa mzee atafanywa mkufunzi, akiwa amevunja sheria atatetewa. Lakini liwe jina moja, kwa kuwa kitabu cha ndege kina mstari mmoja wa rubani, na wa safari ile ulikuwa bado mtupu. Wawili watakaobaki wafukuzwe uwanjani, maana waligusa ndege bila ruhusa.

Watu waliokuwa wakinywa chai birika moja wakaanza kukaa mbalimbali. Kapteni alisema bila yeye wangekuwa vipande mlimani. Tegemea akasema bila yeye ndege ingekuwa bado imefungwa kamba. Oliva akauliza, na aliyetua ni nani? Alimfikiria baba yake, na safari moja ambayo angeweza kumsimulia bila kudanganya. Aliitaka kazi ile.

Siku hiyohiyo mama Anyisile akaingia na kuku, zawadi ya rubani. Bwana Mwashiuya akashusha pumzi. Akamwambia amkabidhi rubani mwenyewe yule kuku, na jina la atakayempokea ndilo yeye atakaloliandika.

"Mimi nilifumba macho njia nzima," mama akasema. Akawatazama wote watatu taratibu, akaishia kwa Oliva. "Wewe si ndiye uliyeniambia hakuna rubani?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Kumbe ulikuwepo."

Akamlaza kuku juu ya mzani, miguu imefungwa, chini ya lile tangazo, akarudi kwa mwanawe. Mshale wa mzani ukatikisika, ukatulia. Hakuna aliyenyoosha mkono kumchukua kuku.

Haya, mimi nimefika. Kitabu kiko wazi, mstari ni mmoja, kalamu hiyo hapo. Yuko aliyetoa jina, aliyetoa mikono, na aliyetoa kumbukumbu. Je, wewe ungemwandika nani? Na ukishamwandika, lile tangazo ungelibandua, au ungeliacha?