Shilingi ya Vichwa Viwili

Semeni, muuza vitumbua sokoni Muheza, alikuta kwenye mauzo yake shilingi ya ajabu: kichwa mbele, kichwa nyuma. Mtambo wa kutengenezea sarafu uliikosea. Mkusanyaji wa sarafu kutoka Tanga akaahidi kuinunua kwa bei ya pikipiki.

Kabla ya adhuhuri Bwana Chambuso, tajiri wa mchele, alikwishafika.

"Hiyo ilinidondoka jana nikinywa chai hapa. Irudishe!"

"Shikamoo, mzee. Nitajuaje ni yako? Labda nawe uliiokota juzi tu."

"Juzi? Ninayo mwaka wa kumi huu!"

"Na hukuichanganya na nyingine?"

"Mimi hutembea na noti tupu, na hiyo shilingi moja ya bahati. Soko zima lishuhudie!"

Soko zima lilikuwa limeshajaa pale. Semeni akafuta mikono, akamkabidhi shilingi yake kwa adabu.

"Nimeamini, mzee." Kisha akamgeukia Mkomwa, muuza nyanya. "Kaka, mwaka jana mlipogombea kibanda cha kona na mzee huyu, mkarusha shilingi, ilitoka mfukoni mwa nani?"

"Mwake."

"Akachagua nini?"

"Kichwa," alisema Mkomwa, akainuka polepole. Wenzake nao wakainuka.

Chambuso aliitupa shilingi kwenye beseni la unga kama kaa la moto.

"Si yangu! Sijapata kuiona maishani!"

Semeni akaiopoa, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Basi karibu vitumbua, mzee. Toa hata noti, chenji ninayo."