Mbwa Waliomaliza Ghala

Ndugu zangu, hebu mfikirieni mkulima mmoja, mtu wa mahindi na karanga, ana mke na binti mdogo aitwaye Nyamizi. Ng'ambo ya kijito anaishi jirani yake, naye mkulima. Miaka yote wameazimana majembe. Wezi? Labda nyani, mara moja moja.

Siku moja akaja mfanyabiashara wa mbwa. Akakaribishwa, akanywa maji, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Jirani yako kachukua mbwa wawili kwangu. Wakali. Sijui anajiandaa kwa lipi."

Mkulima akashtuka. Akanunua watatu.

Haukupita muda mfanyabiashara akarudi. Jirani ameongeza, akasema. Mkulima akaenda kuomba ushauri kwa shemeji yake, mtu anayesikilizwa sana katika ukoo. Shemeji akamwambia, "Ongeza na wewe. Hapo si mahali pa kubana matumizi." Asichojua mkulima ni kwamba kila mbwa aliyeuzwa, shemeji alikuwa anapata chake.

Sasa niambieni, mbwa wanakula nini? Ugali! Tena mbwa mkali hali kidogo. Ghala likaanza kushuka. Hata mbegu za msimu uliofuata zikasagwa. Mkewe akashindwa kunyamaza.

"Baba Nyamizi, mtoto kalala na uji mwepesi kama maji, mbwa wameshiba. Tunalinda nini hapa?"

"Ninakulinda wewe na mtoto. Wezi wakija utanishukuru."

"Mwizi akija leo, ataondoka na nini?"

Mume akatoka kwenda kuwalisha mbwa. Mtoto akazidi kudhoofika, mpaka akawa hawezi kusimama.

Asubuhi moja mbwa wakabweka kwa fujo. Mkulima akanyakua panga. "Si nilisema? Wamekuja!" Akatoka mbio. Langoni akamkuta jirani yake yuko chini, suruali imechanika, damu inamtoka mguuni, amekumbatia mfuko wa unga.

"Nimesikia mtoto hali yake mbaya," jirani akasema huku akihema. "Nimemletea unga wa uji. Ndio huu tu uliobaki, mwingine wamemaliza mbwa wangu."

Mkono wa mkulima ukashuka na panga lake. "Na wewe mbwa wote wale ulinunua wa nini?"

"Mimi? Si niliambiwa wewe ndiye uliyeanza!"

"Nani kakwambia?"

Wakatazamana. Jina halikuhitaji kutajwa.

Unga ule ukapikwa uji, na Nyamizi akapata nafuu taratibu. Wale wawili wakabakiza mbwa mmoja mmoja, wengine wakampelekea mwenyewe, yule mfanyabiashara. Hawakumkuta. Alikwisha kwenda kijiji cha pili, na aliyembebea mizigo ni shemeji.

Wapendwa, sisemi nyumba isiwe na mlinzi. Mlinzi ni lazima, na askari wetu tunawaombea. Lakini sisi, kila tunapoambiwa zinunuliwe silaha zaidi kwa kuwa nchi jirani imenunua, tumewahi kuuliza habari hiyo kaileta nani? Anauza nini? Na hao wanaotushauri, wanalishwa na nani? Zahanati haina dawa, watoto wetu wanasoma wamekaa sakafuni, halafu tunaambiwa tuvumilie, ni kwa usalama wetu. Usalama gani huo, ambao mama hawezi kujifungua salama?

Mungu hakutupa midomo ya kuimbia tu. Mbunge akija kwenye mkutano, muulizeni. Muulizeni kwa adabu, muulizeni mbele za watu, na msikae chini mpaka ajibu. Anayetajirika sisi tukiogopa, hawezi kuwa ndiye wa kutuchagulia maadui.

Haya, sasa mgeukie uliyekaa naye benchi moja. Mpe mkono. Muulize watoto hawajambo.