Kanuni Tatu za Chumba cha Giza

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii haitutoki kinywani pale mtoto wa jirani anapotukana wakubwa; hapo kila mtu ni mwalimu. Maana yake ni nyepesi: tabia ya mtoto ni kazi ya mlezi wake, na anayevuna asichokitaka aanze kwa kujiuliza alipanda nini. Ikifika zamu yetu wenyewe, tunakuwa mabubu. Ndivyo ilivyomkuta mpiga picha mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Lenzi, ingawa mtoto aliyemlea yeye hakuwa na miguu wala masikio.

Jina la Lenzi alilirithi kwa mama yake pamoja na studio. Ilikuwa na chumba cha mbele chenye pazia la buluu, kiti cha kuzunguka ambacho hakizunguki tena, na kioo cha wateja kutengenezea kola. Nyuma kulikuwa na chumba cha giza, ambamo mama alisafisha picha enzi za filamu. Siku hizi watu wanajipiga wenyewe kwa simu, kwa hiyo chumba kile kilibaki na ndoo, kamba, na harufu ya dawa iliyokataa kuhama. Lenzi aliipenda harufu hiyo. Kila asubuhi alifungua mlango, akasimama kidogo, akavuta pumzi, na kwa dakika hiyo akawa tena na miaka tisa, akimsikia mama anaimba kwa sauti ya chini upande wa pili wa mlango.

Mama alikuwa amefariki, na mwaka ulikuwa unakaribia kutimia. Lenzi aliazimia jambo moja tu: siku hiyo atundike ukutani picha kubwa ya mama. Taabu ni kwamba mpiga picha hapigwi picha. Ukiacha ile ya kitambulisho, ambayo mwenyewe alisema inamfanya afanane na mtuhumiwa, mama alikuwa na picha moja maishani, na aliyeipiga ni Lenzi akiwa na miaka saba. Mama aligeuka kumwambia ashike kamera vizuri, akaangua kicheko, na uso ukatoka na ukungu. Kwa miaka mingi picha hiyo ilikaa kwenye fremu mpaka ikagandamana na kioo. Lenzi aliinakili kwenye kompyuta ikiwa humo humo. Alipojaribu kuibandua, uso ukabaki kwenye kioo vipande vipande. Kwa hiyo ilibaki nakala, basi.

Picha nyingine za studio, zaidi ya elfu kumi na moja, alikuwa amezinakili kwa miezi minane. Kompyuta yake ndogo ikajaa pomoni.

“Kodi seva, dada,” mdogo wake wa kiume alimwambia kwenye simu. Huyu alikuwa fundi wa kompyuta katika mji mwingine. “Ni kompyuta ya watu, iko mbali, haizimwi. Pandisha picha zako huko, ufute hapo kwako upate nafasi. Halafu tumweke wakala wa akili mnemba akupangie.”

“Wakala wa nini tena?”

“Msaidizi. Unampa kazi, anaifanya mwenyewe. Wewe unakunywa chai.”

Basi wiki nzima Lenzi akapandisha picha. Ile ya mama aliiacha mwisho, maana mkono ulikuwa mzito kuigusa, akaipandisha Jumatatu asubuhi, nayo akaifuta kwake kama zile nyingine. Siku hiyo hiyo wakamweka wakala. Lenzi alinakili amri mstari kwa mstari, ulimi umetoka pembeni kama mtu anayetunga uzi. Mara mbili maandishi mekundu yalijaa kwenye kioo cha kompyuta, na mara mbili mdogo wake akamwambia amesahau nukta. Mwishowe pakatokea maneno: “Nipo tayari. Kazi yangu ni ipi?”

Kwenye kiti kisichozunguka alikaa mama mdogo, yaani mdogo wa marehemu, aliyekuja kila siku kukosoa. “Amesalimia?” aliuliza.

“Hajasalimia.”

“Basi huyo anza kumfunza adabu.”

“Mama mdogo amesema kweli,” alicheka mdogo mtu kwenye simu iliyofunguliwa spika. “Hapo kuna faili tupu, dada. Ndani yake unaandika malezi yake: afanye nini, asifanye nini, akuulize wapi. Usiharakishe. Haya mengine yote tuliyohangaika nayo ni cha mtoto.”

Lenzi alimwitikia, akakata simu, akaharakisha. Aone haja gani ya kufikiri? Yeye mwenyewe alilelewa na kanuni tatu, alizokuwa akikemewa kupitia mlango wa chumba cha giza, na hakuna aliyesema ameharibika. Akaandika: “Picha yenye ukungu, tupa. Picha ya aliyefumba macho, tupa. Usinigongee mlango kwa maswali, ukiona, amua.” Alipomaliza, machozi yalimlengalenga. Ilikuwa kana kwamba mama amerudi kazini.

Kwa siku tatu wakala alifanya maajabu. Alipanga picha kwa miaka, akatenga harusi na mahafali, akaunganisha picha za utotoni na za ukubwani za watu ambao sasa ni wazazi. Lenzi na mama mdogo walikaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi jioni, wakicheka na kufuta macho. Waliwaona mume na mke waliofika studio wamenuniana, wakashikishwa ua la plastiki wapatane. Waliwaona wanafunzi watano waliopokezana koti moja la suti, kila mmoja akijiona waziri. “Zamani tulikuwa wazuri jamani,” alisema mama mdogo, na Lenzi hakubisha.

Alhamisi fremu mpya ikaletwa. Lenzi akaandika: “Nipe picha ya mama, ile ya mwisho kupandishwa.”

Jibu lilikuja halina haya wala huruma. “Picha hiyo ilikuwa na ukungu. Kwa kanuni ya kwanza nimeifuta; kwa ya kwanza na ya pili nimefuta nyingine mia nne na kumi na moja. Kwa kanuni ya tatu sikukuuliza.”

Lenzi akampigia mdogo wake simu, akafungua spika. “Hilo zimwi lako limemfuta mama,” alisema.

Marehemu alikuwa mama wa mdogo mtu pia. “Ulimwandikia nini?” aliuliza. Lenzi akamsomea zile kanuni tatu. “Dada, hicho kinywa ni cha mama kabisa.”

“Cha mama yupi?” alidakia mama mdogo. “Hayo yalikuwa maneno ya mlangoni. Ukifungua mlango ule, mwanga unaingia, karatasi zinaungua. Ndiyo maana alikukemea usigonge. Na ukungu alikuwa anakufundisha wewe kushika kamera. Lakini akitoka mle ndani, lini ulimwona ametupa picha ya mtu bila kumuuliza? Alimfuata mteja hadi kwake: hii imeharibika kidogo, niitupe au unaitaka? Wewe ulishika makelele, mwanangu, malezi ukayaacha.”

Lenzi akairudia simu: hakuna njia ya kuzirudisha?

Wenye seva walikuwa wakihifadhi nakala ya kila kitu kila Jumapili. Mdogo wake aliwaandikia, na kabla ya saa tisa alasiri picha mia nne na kumi na moja zilikuwa zimerudi. Ya mama haikurudi. Ilipanda Jumatatu, ikafutwa Jumatatu, haikuiona Jumapili hata moja. Lenzi alilia waziwazi, mama mdogo amemshika bega, na mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti akaondoka kwa adabu.

Kesho yake, Ijumaa, alikaa na lile faili tangu alfajiri. Akafuta kanuni tatu, akaandika upya: “Usifute kitu. Ukiwa na shaka niulize, hata mara mia. Picha mbovu inaweza kuwa ndiyo pekee mtu aliyo nayo.” Kisha akampa kazi ya kuzipitia zile zilizorudi.

Maswali yakaanza kumiminika, na kila swali Lenzi alilijibu. Mzee huyu amefumba macho, je, abaki? Abaki, ndivyo alivyokuwa akicheka. Mtoto huyu ametikisika? Abaki, hakuwahi kutulia. Adhuhuri likaja swali jingine.

“Picha hii ya uani ina ukungu. Chini, mbele ya watu, kuna kivuli cha mtu aliyeinua viwiko. Nimekiona kivuli kama hicho kwenye picha nyingine sitini. Sijui ni cha nani. Nifanye nini?”

Lenzi alisogea karibu na kioo. Jua lilikuwa mgongoni mwa mpiga picha, na kivuli chake kimelala mchangani mpaka miguuni mwa bibi harusi: kilemba kimeinama upande, kamera usoni, viwiko vimetanuka. Miaka thelathini watu walikuwa wakilipia picha zao, na mama yumo ndani yake.

“Ni mama yangu,” aliandika. “Nipe zote.”

Mwaka ulipotimia, waliotembelea studio walikuta ukuta mzima una vivuli sitini na kimoja. Mama mdogo alizunguka akavitazama kimoja kimoja, kisha akamuuliza Lenzi ni nani aliyemkumbuka dada yake namna ile. Lenzi akanyoosha kidole kwenye kompyuta. Ni yule yule aliyemfuta mama Jumatatu bila kubisha hodi, na ni yule yule aliyemtafuta Ijumaa. Kilichobadilika ni mlezi. Naam, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.