Mafuta ya Bwana Makame

Bwana Makame, tajiri wa karafuu, alijipaka mafuta ya udi kwa wingi mpaka mkewe, Bishara, akahamia kulala kibarazani.

"Asiyeyapenda arudi kwao," alisema Makame.

"Nani asiyapende, bwanangu? Ongeza na shingoni."

Ijumaa alikwenda msikitini akinukia. Mtu wa kwanza alimpa pole. Wa pili akamuuliza, "Mnazika saa ngapi?" Wa tatu alitaka kujua kama sanda imeshanunuliwa.

Makame alirudi nyumbani, akayamwaga mafuta yote chooni.

"Si ya Dubai hayo, bwanangu?" Bishara aliuliza kwa huzuni.

"Nyamaza. Nitekee maji nioge."

Bishara alimtekea. Kisha akaifunga vizuri kafuri iliyobaki, ile wanayopakwa maiti, akairudisha sandukuni.