Zamu Mbili za Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Mh! Mnaitikia kama waliokula juzi. Nami mwenyewe nimechoka, miguu inaniwaka moto, lakini mmeniita, nimekuja. Haya, tena kwa nguvu. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Zamani zile za kale, kabla babu wa babu zenu hajaota meno, palikuwa na mlima wa mawe. Mawe juu ya mawe, nyufa ndani ya nyufa. Humo waliishi pimbi. Pimbi mnamjua? Kijivu, mnene mnene, masikio madogo, mkia hana. Usimcheke, wewe wa pale nyuma. Mkia hana, lakini utaratibu anao.

Adui yao alikuwa mmoja tu, tai. Tai hapigi hodi. Unaona kivuli, kisha huoni kitu tena. Basi pimbi wakaweka zamu. Kila siku kijana mmoja hupanda Jiwe la Juu, hukaa huko kutwa, macho mbinguni. Wenziwe huku chini wanakula majani, wanaota jua. Tai akitokea, wa juu hupiga mluzi, wiiii! Na wa chini wote, purrr, ndani ya nyufa.

Mwenye zamu huimba pia, ili wa chini wajue yu macho:

*Juu nani? Juu mimi.*
*Chini nani? Chini ninyi.*
*Kuleni, jamaa, kuleni,*
*jicho langu liko wazi.*

Jioni baridi ikiingia, pimbi hulala wamebanana, lundo moja. Aliyeshika zamu hulazwa katikati, penye joto. Hiyo ndiyo asante yake. Wengine hulala pembeni, mgongo kwenye jiwe.

Sasa, palikuwa na marafiki wawili, mabinti, Siwema na Kidawa. Walizaliwa masika moja, wakalelewa ufa mmoja. Ukimwona Siwema, Kidawa yuko nyuma yake. Ukimsikia Kidawa anacheka, Siwema ndiye kamchekesha.

Siku moja Kidawa alikuwa zamu. Tai akatokea upande wa jua. Kidawa akapiga mluzi, wiiii! Wote wakaingia nyufani. Wote ila mmoja. Mama yake Kidawa alikuwa mzito wa miguu, akachelewa. Tai akamchukua, mwanawe anaona.

Watu walimwambia Kidawa, "Si kosa lako, mluzi ulipiga." Wakamwambia mara moja, wakarudi kula majani. Yeye akabaki na lile neno moja kichwani: nilichelewa, nilichelewa, nilichelewa.

Chini ya mlima palikuwa na mti mkubwa wa matunda, mng'ongo. Ng'ongo zikiiva huanguka, pu, pu, pu, na nyingi ziliangukia shimo la mwamba lenye maji ya mvua. Jua likapiga. Maji yakaumuka, yakatoa povu, fyuu, fyuu. Tumbili wakanywa, wakacheka hadi wakagaagaa. Wakayapa jina, kicheko.

"Onja, Dada Kidawa," wakasema tumbili. "Onja kicheko, usahau."

Akaonja. Akasahau hadi magharibi. Kesho yake akakumbuka maradufu, akarudi shimoni.

Ikafika zamu yake. Siwema akamkuta chini ya mng'ongo, macho mekundu, miguu haimtii.

"Kidawa, amka! Jua limetoka, juu hakuna mtu."

"Siwezi, Siwema. Nikipanda pale namwona mama. Nishikie leo tu. Usimwambie mtu, nakuomba. Leo tu."

Siwema akamhurumia. Nani asingemhurumia? Akamsukuma hadi kwenye kivuli, akapanda Jiwe la Juu mwenyewe. Akaimba kwa sauti ya Kidawa, nzito kidogo, yenye kukwaruza. *Juu nani? Juu mimi.* Wa chini wakala majani, hawakujua. Jioni Kidawa akalazwa katikati, penye joto, kwa zamu asiyoishika. Siwema akalala pembeni, mgongo kwenye jiwe.

"Leo tu" mnaijua ninyi? Mimi naijua. Leo tu husema haina kesho, lakini kesho haikosi kuja nayo.

Zamu ya Siwema, Siwema juu. Zamu ya Kidawa, Siwema juu. Wakimuuliza Kidawa yuko wapi, anasema kaenda upande wa pili kutafuta majani mabichi. Wakimuuliza mbona Kidawa ananuka, anasema kakanyaga ng'ongo zilizooza. Uongo mmoja ukazaa, wajukuu wakazaa pia. Siwema akakonda. Manyoya yakamtoka mgongoni, pale penye jiwe. Alimgombeza Kidawa, Kidawa akalia. Alimbembeleza, Kidawa akaahidi. Alimwaga maji ya shimo kwa mikono yake, chwaa, chwaa, kutwa nzima. Ng'ongo zikaanguka tena, pu, pu, pu.

"Ungenipenda usingenisumbua," Kidawa akamwambia.

  Siwema alikaa tu karibu naye mpaka Kidawa alipopata usingizi, kisha akaenda kumtafutia majani ya kula.

Basi ikaja siku. Ilikuwa zamu ya Kidawa, na juu yuko nani?

Siwema!

Siwema, ehee. Jua kali, jiwe lina joto, upepo mtulivu. *Juu nani? Juu mimi.* Kope nzito. *Chini nani? Chini... ninyi.* Kichwa kikainama, akakiinua. Kikainama tena. *Kuleni, jamaa...* Kimya.

Kivuli kikapita.

Chini alikuwapo Bibi Mashavu, mkubwa wa ukoo, anaota jua na vitoto vitatu mgongoni. Akakiona kivuli kwa jicho moja. Hakungoja mluzi. Akavilalia vile vitoto kwa tumbo lake lote. Kucha zikashuka, shwaa! Zikakamata sikio. Bibi Mashavu akang'ang'ania mwamba. Tai akapanda juu na sikio tu.

Siwema akaamkia makelele. Akashuka mbio. Pimbi wote wamesimama, damu inamtiririka Bibi shavuni.

Mjomba Sudi, mmoja wa wazee, akanguruma, "Zamu ya nani leo?"

Kidawa alikuwa amefika kwa nyuma, anayumba. Akamtazama Siwema. Macho yake yalisema lile lile, nakuomba.

"Yangu," akasema Siwema. Ulimi ulikwisha kuzoea.

"Wewe ulikuwa juzi!" akasema Mjomba Sudi. "Leo ni ya Kidawa."

Siwema akatazama lile sikio lisilokuwapo. Akavitazama vile vitoto. Akamtazama rafiki yake, mifupa mitupu, povu mdomoni. Akaona kwamba akisema kweli atampoteza Kidawa. Akaona pia kwamba asiposema, atampoteza vilevile, ila polepole.

Akalia. Akasema, "Ni ya Kidawa. Na ya wiki iliyopita. Na zile zote tangu mama yake achukuliwe. Nimezishika mimi. Kidawa anakunywa kicheko kila siku na mimi nimemficha. Nimeshindwa, Bibi. Peke yangu nimeshindwa."

Kidawa akasema, "Umeniuza."

Neno hilo lilimchoma Siwema kuliko kucha za tai. Lakini hakulirudisha alilosema.

"Afukuzwe!" akasema Mjomba Sudi. "Aende akakae na tumbili wake!"

"Hao tumbili wake wako wapi?" akauliza Bibi Mashavu. Watu wakatazama mng'ongo. Tumbili walikuwa wameshahamia mti mwingine. "Sudi, kaa chini. Damu hii ni yangu, sijaomba mtu afukuzwe."

Akamsogelea Siwema. "Mjukuu wangu, ulikosea. Ulidhani kumpenda ni kumfichia. Na mimi nilikosea zaidi. Nilimsikia Kidawa anaimba vizuri kuliko alivyozaliwa, nikajisemea, aa, mtoto kapata sauti. Nilijua, nikaona uvivu kuuliza."

Akamsogelea Kidawa. Kidawa akajikunja akingoja kofi. Bibi akakaa tu, ubavu kwa ubavu, damu inamdondokea begani.

"Kidawa, unamwona mama yako ukipanda pale?"

"Kila siku, Bibi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hamkuuliza tena."

Bibi Mashavu akainamisha kichwa. Kweli, hawakuuliza tena. Kisha akawageukia wote.

"Mbingu tunazichunga kwa zamu, kwa sababu hakuna pimbi awezaye kukesha peke yake. Ugonjwa huu nao tutauchunga kwa zamu. Kidawa asipande juu kwanza. Kila siku mmoja wetu atakuwa naye. Akila, anakula naye. Akitetemeka, anabanana naye. Akitaka kwenda shimoni, anamwambia hapana, na kama ni kumshika mguu, amshike. Wala asimtukane. Na aliyechoka aseme kuwa amechoka, mwingine ashike. Kesho anaanza Sudi."

"Mimi?" akasema Mjomba Sudi.

"Wewe mwenye sauti kubwa."

Msidhani mambo yakawa mema papo hapo. Mnataka niwadanganye? Siku za kwanza Kidawa alitetemeka na kutapika, akamtukana kila aliyeketi naye. Kidawa hakutaka hata kumwona Siwema. Siwema akaja hivyo hivyo, akakaa mbali kidogo, akatafuna majani. Mjomba Sudi aliyetaka afukuzwe ndiye aliyegundua kwamba Kidawa hutulia akisimuliwa habari za mama yake, basi akasimulia, hata zile za uongo. Mwezi ukapita. Kidawa akatoroka, akanywa. Wakamrudisha, wakaanza tena kuhesabu siku ya kwanza. Siwema alilia siku ile, akasema, "Bibi, leo siwezi." Bibi akasema, "Basi leo lala." Mwingine akashika.

Ng'ongo zikaisha mtini. Zikaja nyingine. Kidawa alipita karibu na shimo, akasimama, akameza mate, akaendelea na safari. Siku hiyo alikuwa na Siwema.

"Nilisema umeniuza," akasema Kidawa.

"Nilisikia."

"Nipandishe juu. Lakini usiniache."

Wakapanda wawili. Jiwe la Juu halikuwahi kukaliwa na wawili tangu liwe jiwe. Kidawa alitazama mahali pale mama yake alipochukuliwa, akalia kwa sauti mbele ya mbingu. Siwema akambana ubavuni. Kisha Kidawa akaimba kwa sauti yake mwenyewe, mbaya, inakwaruza, na chini Bibi Mashavu akaligeuza sikio lake moja akasikiliza. *Juu nani?* Ikajibu sauti ya pili, *Juu sisi.*

Jioni lundo likapangwa. Wakamwita Kidawa katikati, ashike joto lake. Kidawa hakwenda. Akamshika Siwema, pale mgongoni pasipokuwa na manyoya, akamsukuma ndani.

"Lala wewe. Zile zamu zote zilikuwa zako."

Akalala yeye pembeni, mgongo kwenye jiwe la baridi, akimkinga rafiki yake na upepo. Na Siwema akalala usingizi ambao hakuulala tangu ile "leo tu" ya kwanza.

Haya, vijana wangu, nanyi wazazi mnaojifanya mmesinzia. Rafiki yako akitekwa na pombe au dawa, usimfichie, wala usimtupe. Mwambie mtu mzima unayemwamini, hata kama rafiki atakununia, kisha rudi ukae karibu naye. Mzigo huo si wa mgongo mmoja. Ukichoka, sema umechoka.

Hadithi yangu imechoka kama mimi, imeishia papo hapo. Nzuri tugawane, mbaya niachieni, nikalale nayo.