Zamu ya Nambike

"Mwenye zamu halii mlangoni." Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo huyu mdogo asubuhi, alipojitupa chini hataki kwenda shule, nanyi mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, menyeni hizo tangawizi huku mkisikiliza. Methali hii ilianzia hapa hapa kijijini, mwaka ule darasa la kwanza la watoto wadogo lilipofunguliwa. Nami nilikuwamo, tena nikilia kwa sauti.

Darasa lilikuwa chumba kimoja, na Mzee Senkondo, mwenyekiti wetu, alikitaka kiwe ghala la kahawa. Alisema watoto wadogo hawana wanalojua ila kulia, na ikiwa Ijumaa atatukuta bado tunalia, turudi nyumbani na magunia yaingie. Mwalimu Naelijwa, ndiyo kwanza atoke chuoni, alilipigania darasa lile kuliko mtu yeyote. Lingefungwa, naye angerudi kwao mikono mitupu.

Jumatatu ilikuwa kama matanga. Kwetu mtoto haachwi ugenini mpaka atulie, kwa hiyo mama zetu walisimama madirishani, kila mmoja na kiazi chake cha kuchemsha. Mtoto akinyamaza, mama anachungulia aone kama kweli amenyamaza. Mtoto anamwona mama, kilio kinaanza upya. Jumanne ikawa hivyo hivyo.

Aliyetushinda wote alikuwa Nambike. Alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, na hakuna aliyeweza kumbandua. Siku ya Jumatano Mwalimu aliweka chaki chini, akaja akachuchumaa karibu yake. Hakumbembeleza wala hakumtisha. Alimuuliza nyumbani kwao, mama akiwa shambani, nani hupokea wageni.

"Mimi," alisema Nambike kwa kwikwi. "Nawapa kigoda na maji."

"Basi hapa sina mtu wa kupokea wageni," Mwalimu akamwambia. "Na mlango umeshaushika. Kila anayeingia akutajie jina, umwonyeshe pa kuweka viatu. Hiyo ni zamu yako."

Nambike alifuta kamasi kwa kiganja. Akatutoa wote nje, akaanza kutuingiza mmoja mmoja, na asiyetaja jina hakupita. Wengine tukaona wivu, tukadai zamu zetu. Mmoja alipewa kata ya maji, mwingine kengele, mwingine kuanzisha nyimbo. Mimi nilipewa kufagia, na msinicheke, nilifagia mpaka nje ya uzio. Wiki ile hatukuandika hata herufi moja. Tulijifunza majina, choo kilipo, maji yalipo, na wimbo wa kupanga mstari. Alhamisi mama Nambike alipochungulia na kiazi chake, mwanawe alimtazama kama mwenye nyumba.

"Mama, nenda shambani. Mimi niko zamu."

Mama wa watu alienda, na wenzake wakamfuata.

Ijumaa Mzee Senkondo akaja na fimbo na koti, nyuma yake vijana wamebeba magunia. Alishangaa kusikia kimya. Alipotaka kuingia, Nambike akasimama katikati ya mlango, kichwa chake kikimfikia mzee kwenye mkanda.

"Shikamoo babu. Jina lako nani?"

"Marahaba. Mimi ni mwenyekiti."

"Hicho ni cheo. Jina?"

Vijana wa magunia walitazama chini. Mzee akakohoa, akasema anaitwa Elinazi. Nambike akamwonyesha pa kuweka viatu, na mzee yule, ambaye hata kwa mkuu wa wilaya hakuvua buti, aliinama akafungua kamba. Nambike akamletea kigoda, mwenye kata akamletea maji, na darasa zima tukamwimbia jina lake.

Mzee alikunywa maji taratibu. Kisha akamuuliza Mwalimu Naelijwa amewanyamazisha vipi watoto hawa.

"Sikuwanyamazisha," Mwalimu akasema, na machozi ya furaha yakimtoka waziwazi. "Niliwapa zamu."

Mzee Senkondo akawageukia vijana mlangoni, akawaambia warudishe magunia walikoyatoa. Tulishangilia hadi watu wa shamba la jirani wakasikia. Kisha akasema kwa sauti ya mkutano, na tangu siku ile kijiji kizima tunasema hivyo: mwenye zamu halii mlangoni.